Doa Ambalo Halikuwepo

Upepo wa Nyakanazi hauna adabu. Unakuja na malori yanayokwenda Rusumo, unabeba vumbi, moshi wa mishkaki na mifuko ya nailoni, na unampiga kila mtu bila kumuuliza katoka wapi. Mchana ule wa kiangazi ulimpokonya Matiasi Kwizera bahasha ya kaki aliyokuwa ameibana kwapani, ukaitupa katikati ya stendi. Kilichokuwa ndani kikachomoka, kikaenda kutua mbele ya miguu ya dada mmoja aliyevaa gauni la kitenge la bluu lenye maua ya njano.

Dada yule aliinama akakiokota. Ilikuwa filamu ya eksrei. Mtu mwingine angemrudishia mwenyewe na yakaisha, lakini huyu aliiinua juu, akaielekeza kwenye jua na kukunja jicho moja.

"Mapafu safi," alisema. "Mbavu zote zipo. Moyo umekaa mahali pake. Ni ya nani hii?"

"Yangu," alijibu Matiasi, huku anahema kwa mbio alizopiga.

"Hongera. Umetunzwa vizuri."

Wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wamekwishageuka kutazama. Watu wa stendi hawana dogo. Matiasi alijua akinyamaza hapo atachekwa mpaka basi liondoke, akaona ajitose.

"Dada yangu, wewe ni mwanamke wa kwanza kuuona moyo wangu kabla hujajua jina langu."

"Nimeuona, ndiyo. Sijaona mtu ndani."

Stendi nzima iliangua kicheko. Muuza mishkaki alipiga kisu chake kwenye ubao kwa furaha. Matiasi naye alicheka, na alipomaliza kucheka alikuwa amekwisha, kama wanavyokwisha wanaume wote wanaopenda kujibiwa.

Dada aliitwa Josiane Nshimirimana. Kwao ni Murukulazo, lakini alikuwa mtaalamu wa eksrei katika hospitali moja ya Biharamulo, na siku hiyo alikuwa anarudi kazini kutoka semina Kahama. Matiasi alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huko Nyamiaga, wilayani Ngara. Naye alikuwa anatoka Kahama hiyohiyo, kupimwa afya kwa ajili ya mafunzo fulani ya walimu. Cheti alikuwa nacho mfukoni. Filamu haikuwa na kazi tena.

"Basi kaa nayo," Matiasi alimwambia Josiane wakati utingo anaita abiria wa Biharamulo. "Unitunzie moyo."

"Mimi si mtu wa kutunza vitu vya watu," alisema Josiane, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. Lakini filamu aliichukua.

Ilimbidi aseme vile. Josiane alikuwa amekwishawazika wanaume wawili. Wa kwanza, Aron, dereva wa lori, alimposa vizuri, pombe ya ndizi ikanywewa na wazee wakakubaliana, na wiki chache kabla ya ndoa lori likamlalia mteremkoni. Wa pili aliitwa Anold. Huyo walifunga naye ndoa kanisani. Alikohoa masika yote akisema ni baridi tu, akakataa kwenda hospitali, na Josiane, ambaye wakati huo alikuwa bado chuoni Mwanza akisomea mionzi, alifika nyumbani siku ya kuvishwa nguo nyeusi. Baada ya hapo wanawake wa Murukulazo wakawa wakimwona anakuja kisimani wanapunguza sauti. Yule anakula waume, walisema. Ndiyo sababu aliomba kazi Biharamulo, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Mdomoni alikuwa akiwacheka wasemaji. Moyoni aliogopa kitu kimoja tu, kwamba huenda wanasema kweli.

Lakini simu ilikuwa inaita kila jioni, na sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa nzuri.

"Mukunzi, mpenzi wangu, umekula?"

"Nani kakwambia mimi ni mukunzi wako?"

"Hiyo filamu uliyonayo. Imesema yenyewe."

"Filamu yako iko kwenye droo, chini ya glavu. Haijasema kitu."

"Umeiweka gizani? Itapata baridi."

Josiane alikuwa amezoea kumaliza mazungumzo kwa maneno ya kazini kwake, yale anayowaambia wagonjwa waliokumbatia mashine. "Haya mwalimu. Vuta pumzi. Zuia hapohapo." Matiasi angezuia kweli, kule Nyamiaga, mashavu yamejaa, mpaka asikie, "Pumua." Ndipo simu inakatwa. Watu wazima wawili, na hawakuona aibu hata kidogo.

Siku ya Jumamosi Matiasi alipenda kuja Biharamulo. Walikaa katika mgahawa ulio chini ya boma la Mjerumani, yeye na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, Josiane na vitenge vyake, leo cha kijani, kesho cha zambarau, na sahani ya ndizi na maharage katikati. Hapo ndipo Josiane alipoambiwa kwamba eksrei si mali ya hospitali peke yake.

"Hata nyota zinatoa," alisema Matiasi. "Si zote. Zile zenye vurugu."

"Nani anazipiga picha?"

"Vyombo vilivyoko angani. Ukikaa hapa chini huwezi kuziona kabisa, hewa yetu inazimeza zote kabla hazijafika. Inabidi utoke nje ya hewa. Chombo cha kwanza kupekua anga lote kutafuta eksrei kilirushwa kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi, mwaka wa sabini. Unajua kiliitwaje?"

"Sijui, mwalimu."

"Uhuru. Kwa Kiswahili hichohicho tunachoongea."

Josiane aliacha kula. "Mbona hatukufundishwa?"

"Ndiyo maana mimi nafundisha."

Alimfungulia kompyuta yake ndogo. Kulikuwa na watafiti, alieleza, ambao picha za vyombo hivyo zimewazidi wingi, wakawaomba watu wa kawaida dunia nzima wasaidie kuzitazama kupitia mtandao. Matiasi alikuwa mmojawao. Alikuwa amekaa miezi mingi anatazama vidoa bila kupata chochote cha maana, na macho yalikuwa yamechoka.

"Unatazama vibaya," Josiane alimwambia baada ya muda. "Unaitazama picha moja kama unasali. Picha moja haisemi kitu. Lete ya zamani ya mahali hapohapo. Weka kushoto. Mpya kulia. Sasa usitafute kilichopo, tafuta kilichobadilika."

Alivuta kiti akasogea, bega likagusana na bega. Alipitisha kidole kwenye kioo polepole, kama afanyavyo kwenye mbavu za watu. Kidole kikasimama.

"Hii haikuwepo," alisema.

Lilikuwa doa dogo, jeupe, peke yake katika weusi. Kwenye picha ya miaka ya nyuma palikuwa patupu. Matiasi alitazama moja, akatazama nyingine, akaanza kukohoa kwa msisimko, na alikohoa muda mrefu kuliko msisimko unavyohitaji.

"Kikohozi hicho cha lini?"

"Vumbi la chaki, mpenzi. Walimu wote tunalo."

"Njoo siku moja nikupige picha."

"Si unayo moja? Umesema mwenyewe mapafu safi."

Josiane alicheka, lakini usiku hakupata usingizi mzuri. Alikumbuka mwingine aliyesema ni baridi tu.

Matiasi aliwaandikia watafiti habari za doa lile, nao wakajibu baada ya wiki kadhaa. Chombo kingine kilikuwa kimegeuzwa kikatazama mahali pale na doa lilikuwa kweli. Zilikuwa nyota mbili zinazungukana, moja nzima, nyingine imekwishakufa, imebaki ndogo na nzito kupita kiasi. Ile iliyokufa ilikuwa inavuta gesi ya mwenzake, na gesi inapoangukia kwake inachemka mpaka inatoa eksrei. Katika orodha zao ingekuwa na namba, lakini mgunduzi alikuwa na ruhusa ya kupendekeza jina la utani.

Matiasi hakufikiria mara mbili. Aliyeona kwanza alikuwa nani? Aliandika "Josiane", akatuma, na hakumwambia mwenyewe. Alitaka asikie kwenye redio. Redio ya pale Ngara ilikuwa imemwalika kwenye kipindi cha asubuhi, na mtangazaji wake, Bernardo, ni mtu anayejua kuvuta maneno mdomoni mwa mgeni.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Redio zilikuwa wazi kwenye vibanda vyote, kuanzia Kibimba mpaka Murukulazo.

"Mwalimu, umeipa jina?" aliuliza Bernardo.

"Nimeiita Josiane. Josiane Nshimirimana wa Murukulazo, kama ananisikia, hii ni zawadi yake."

"Aisee! Na huyo Josiane wa angani kazi yake nini?"

"Yeye?" Matiasi alicheka kwa furaha ya mtu asiyejua. "Anamla mwenzake. Taratibu."

Kule Murukulazo mwanamke mmoja aliyekuwa anapanga nyanya aliziacha zikaviringika. Mwingine alijishika mdomo. Kisha kicheko kikapita gulio zima, kutoka kwenye viazi mpaka kwenye mitumba, na katikati yake alikuwa amesimama Mama Véronique, mama yake Josiane, na kikapu chake mkononi.

Alimpigia mwanawe hapohapo, kelele zote zikiwa nyuma yake.

"Mwana wanje, huyo mwarimu ni nani? Umemkosea nini? Kakutangaza kwa dunia nzima!"

"Kasema nini, mama?"

Akamwambia. Josiane alikuwa amevaa aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, na mgonjwa alikuwa anasubiri. Alihisi uzito wake wote mabegani kana kwamba ameongezwa mwingine.

"Na jina!" Mama Véronique alikuwa analia sasa. "Nyumbani kwangu hata ndama mgonjwa hapewi jina mpaka asimame. Ukikipa kitu jina umekikaribisha kikae. Yeye kachukua jina lako kakipa kitu kinachoua!"

Josiane alimaliza kazi ya siku ile. Jioni aliifungia namba ya Matiasi. Hakumtumia hata neno moja. Aliamini kwamba amepelelezwa, amejulikana, na amefanywa kichekesho na mwanamume pekee aliyekuwa amemruhusu aingie. Na nyuma ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nafuu. Afadhali amchukie, maana akimchukia hatamzika.

Matiasi alipiga mpaka betri ikaisha. Hakuelewa. Aliyemwelewesha alikuwa mama yake mzazi, Restuta, mkulima wa Kibimba asiyezungusha maneno, siku alipokwenda kumsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa chini. Huyo msichana uliyemtaja redioni, unamjua?"

"Nataka kumuoa, mama."

"Alikuwa na wawili. Wako wapi?"

Akamsimulia, Aron na Anold, lori na kikohozi. Matiasi alisikiliza mpaka mwisho. Kila neno alilosema redioni lilimrudia, na kicheko chake mwenyewe pia. Aliona aibu kiasi kwamba alitamani udongo wa ua wa mama yake umfunike.

"Mama, mimi sikujua."

"Sasa umejua. Muache." Restuta alimtazama mwanawe kwa macho ya kuogopa. "Mbona umekonda hivyo?"

"Mawazo tu."

"Kumbe ameshaanza," alisema Restuta kwa sauti ndogo, akasimama, akaenda kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Matiasi alikaa na aibu yake mpaka shule zikafungwa. Alikuwa anakohoa usiku na kuamka shuka limelowa, lakini hakuna tena aliyemuuliza kikohozi ni cha lini, kwa sababu aliyekuwa anauliza alikuwa amefunga simu. Hatimaye akapiga pasi shati jeupe, akapanda basi la Biharamulo.

Mlangoni mwa chumba cha eksrei alizuiwa. Haingii mtu bila kuandikiwa na daktari. Basi akarudi mbele, akajiandikisha kama mgonjwa, akapanga foleni na wajawazito na waliovunjika mikono. Alijiona mjanja. Daktari alikuwa mama mtu mzima aitwaye Petronila, na Matiasi alimwambia kwamba kifua kinambana kidogo. Alipanga kukohoa kwa kuigiza. Kikaja kikohozi cha kweli, kikamkunja kwenye kiti. Daktari Petronila aliweka kalamu chini, akamwangalia mikono, shingo na kola ya shati iliyokuwa inampwaya.

"Picha ya kifua," alisema. "Sasa hivi. Usiende kula kwanza."

Josiane alikuwa amevaa koti jeupe juu ya gauni lile la bluu lenye maua ya njano. Alipofungua mlango na kumwona, mkono ulibaki kwenye kitasa.

"Nimeandikiwa," alisema Matiasi.

"Toka."

"Nimeandikiwa na daktari. Huwezi kunifukuza, mimi ni mgonjwa."

"Umeona redio haikutosha, umekuja kunicheka na hapa?"

"Josiane, sikujua." Alisema bila kujitetea, mikono imelegea. "Naapa kwa Mungu sikujua habari za Aron wala Anold. Nimeambiwa na mama yangu baada ya kipindi. Uliiona wewe kabla yangu, nikasema iwe yako. Ningejua ningeung'ata ulimi."

Josiane alimtazama. Kazi yake ilikuwa kutazama watu kwa ndani, na alijua anayedanganya anavyohema. Huyu hakuwa anadanganya. Hasira aliyokuwa nayo wiki zote zile ilianza kuyeyuka bila ruhusa yake.

"Na sasa umejua," alisema. "Nenda zako ukiwa mzima. Mimi sitaki kukuzika, Matiasi. Sitaki. Wawili wananitosha."

"Nikwambie jambo moja kuhusu ile nyota, halafu nitakwenda? Redioni nilisema nusu, kwa ajili ya kuchekesha. Ile iliyokufa ni nyeusi kabisa. Ingekuwa peke yake kusingekuwa na chombo cha kuiona. Inang'aa kwa sababu mwenzake yupo, na mwenzake atakuwepo mamilioni ya miaka, wanazungukana tu. Hakuna anayemaliza mwenzake kesho." Akakohoa, akafuta midomo. "Nakupenda. Hilo lilikuwa la pili, samahani."

Machozi yalimtoka Josiane waziwazi. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono, akavaa aproni.

"Vua shati," alisema. "Kidevu juu. Kifua kiguse ubao. Mabega mbele."

Matiasi alikumbatia mashine ya baridi. Josiane alikwenda nyuma ya ukuta.

"Vuta pumzi. Zuia hapohapo."

Alizuia kama alivyokuwa anazuia Nyamiaga, mashavu yamejaa, huku anatabasamu kwenye ubao. Lakini safari hii hakufika. Kikohozi kilivunja pumzi kabla hajaambiwa pumua, na ikabidi warudie.

Filamu ilipotoka Josiane aliishika bado ina joto la mashine. Matiasi alikuwa anafunga vifungo na kuongea, ameshapata moyo, anasema atakwenda kwa Mama Véronique na wazee wake kuomba radhi, atanunua kreti za soda na pombe ya ndizi, Restuta naye atakubali tu, wamuulize mchumba anataka lini. Alipofunga kifungo cha mwisho akageuka.

"Na wewe unasemaje, utanikubali?"

Josiane alivuta droo. Akasogeza glavu, akatoa filamu ya zamani, ile ya upepo wa Nyakanazi. Alikuwa na nafasi ya kuipeleka mpya kwa daktari na kumwacha mtu huyu aendelee na ndoto yake mpaka jioni. Alikuwa na nafasi hata ya kukimbia, kama alivyokimbia Murukulazo. Aliwasha sanduku la taa ukutani. Ya zamani akaiweka kushoto. Mpya kulia.

"Njoo utazame," alisema. "Wewe mwenyewe."

Matiasi alisogea. Bega likagusana na bega. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akapitisha kidole polepole kama alivyofundishwa, kutoka juu ya bega kushuka mbavu. Kidole kikasimama. Lilikuwa jeupe, dogo kuliko sarafu, peke yake katika weusi wa pafu.

"Hii haikuwepo," alisema.

"Haikuwepo."

Nje mtoto alikuwa analia kwa sindano.

"Ni nini?"

"Inaweza kuwa kifua kikuu. Hicho kina dawa, watu wanapona. Inaweza kuwa kitu kingine. Sijui, Matiasi. Leo watachukua makohozi, kisha tutasubiri majibu." Aliweka kidole chake kando ya kile cha Matiasi. "Anold hakuna aliyempiga picha. Nilifika amekwishafunikwa. Hii nimeiona ingali ndogo."

"Basi usinijibu sasa. Subiri majibu kwanza."

"Nakujibu sasa. Ndiyo. Nimekubali kabla ya majibu, ili nisije nikasema nilichagua baada ya kujua. Waseme Murukulazo, aseme mama yako. Mimi sikimbii tena."

Matiasi aliushika mkono wake, akaubana sana. Alitaka kumchekesha. Ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo tangu stendi.

"Na doa hili," alisema, "tuliite nani?"

"Hili hatuliiti."

"Hata jina la utani?"

"Hata hilo." Josiane alizima taa ya ukutani, akazishusha filamu zote mbili. "Hatutaki lizoee. Chomekea shati lako, twende kwa daktari."

Akatoka naye kwenye korido iliyojaa watu, mkono wake haujaachia, na filamu ya zamani na mpya ziko pamoja kwapani pake.